George Westinghouse: Aliyeufikisha umeme mbali, kisha akaangushwa na madeni

Kila kijiji kilichofikiwa na umeme wa gridi kina transfoma yake juu ya nguzo. Ikiungua, mashine ya kusaga husimama, friji la dukani huyeyuka na simu hukosa chaji mpaka nyingine iletwe. Ndipo watu huanza kuuliza: transfoma zinatengenezwa wapi, nani anazinunua, na kwa nini kuipata moja huchukua muda mrefu hivyo?

Maswali hayo yana zaidi ya miaka 130. Mtu aliyeifanya transfoma kuwa bidhaa ya kiwandani, akaiuza kwa wingi na kufungua soko la vifaa vya kusafirishia umeme, ni Mmarekani George Westinghouse. Alifaulu kuliko wengi wa wakati wake. Hata hivyo, alipoteza kampuni yake wakati oda zilikuwa tele mezani.

Mtoto wa karakana

Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake alikuwa fundi aliyetengeneza zana za kilimo, zikiwamo mashine za kupura nafaka. Familia ilihamia mji wa Schenectady, na kijana George alikulia katika karakana ya baba yake, kati ya vyuma, mikanda na mvuke.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, alijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini akiwa bado kijana mdogo. Aliporudi aliingia chuo, akakaa kwa miezi michache tu, kisha akarejea karakanani.

Mwaka 1869, akiwa na miaka 22, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa breki ya treni inayotumia hewa iliyoshindiliwa. Kabla ya hapo, wafanyakazi walilazimika kuruka kutoka behewa moja hadi jingine wakizungusha magurudumu ya breki kwa mikono. Wengi waliteleza na kufa. Kwa breki mpya, dereva alifunga breki za treni nzima akiwa mbele.

Alifungua kiwanda mjini Pittsburgh na kupata utajiri. Mwaka 1871 alianza kuwapa wafanyakazi wake mapumziko ya nusu siku kila Jumamosi, jambo lililokuwa geni viwandani enzi hizo.

Breki ilimfundisha jambo moja la biashara. Shirika la reli halinunui kifaa kimoja. Linanunua mfumo mzima, na kila kipande lazima kioane na kingine, hata behewa likiwa la kampuni tofauti. Somo hilo alikwenda nalo kwenye umeme.

Umeme usiovuka mtaa

Mwaka 1882, Thomas Edison alifungua kituo cha umeme katika mtaa wa Pearl jijini New York. Kilikuwa kituo cha ajabu kwa wakati wake, ila umeme wake ulikuwa wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, kama ule wa betri. Ulitoka kituoni kwa msukumo mdogo, takriban volti 110, na haukufika mbali zaidi ya kilomita moja na nusu hivi.

Ukiwa na sola nyumbani, tatizo hili unalijua. Ukiivuta taa ya volti 12 kwa waya mrefu na mwembamba, hufifia, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto. Dawa ni kununua waya mnene. Lakini waya mnene ni shaba nyingi, na shaba ni ghali. Kwa mfumo wa Edison, mji mkubwa ungehitaji kituo karibu kila mtaa. Wakulima na vijiji wangesahaulika kabisa, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara ambaye angejenga kituo kwa ajili ya nyumba kumi zilizotawanyika.

Westinghouse aliona kwamba umeme usioweza kusafiri una wateja wachache.

Sanduku la chuma na shaba

Njia ya kutokea ilikuwa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Uzuri wake ni kwamba volti zake zinaweza kupandishwa na kushushwa kwa transfoma.

Fikiria maji ya bomba. Volti ni kama msukumo wa maji, na mkondo ni kama wingi wa maji yanayopita. Ukipandisha msukumo mara kumi, unaweza kupeleka nguvu ileile kwa mkondo ulio sehemu moja ya kumi. Na kwa waya uleule, hasara ya njiani hushuka mara 100. Kwa hiyo umeme hupandishwa volti kituoni, husafiri kwa waya mwembamba, kisha hushushwa karibu na nyumba ili usimdhuru mtumiaji.

Westinghouse hakuivumbua transfoma. Mfaransa Lucien Gaulard na Mwingereza John Gibbs walikuwa wametengeneza ya kwao Ulaya. Mwaka 1885 aliagiza kadhaa kutoka kwao pamoja na jenereta ya mkondo geu ya kampuni ya Siemens. Kazi ya kuziboresha alimkabidhi fundi William Stanley. Mwezi Machi 1886, katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, Stanley aliwasha taa za maduka ya barabara kuu kwa umeme uliotoka kwenye karakana pembeni ya mji. Transfoma ziliushusha kutoka volti 500 hadi 100.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kiwandani. Westinghouse na mafundi wake walibuni transfoma ya vibati vyembamba vya chuma vyenye umbo la herufi E, vinavyopachikwa kwenye nyaya za shaba zilizokwisha kuviringwa kwa mashine. Kabla ya hapo, kila transfoma ilisukwa polepole kwa mkono. Sasa ingeweza kutoka kiwandani kwa wingi na kwa bei nafuu.

Kampuni yake ya umeme ilianzishwa Januari 1886. Mwishoni mwa mwaka huo, mji wa Buffalo ulikuwa na mfumo wake wa kwanza wa kibiashara. Kufikia mwisho wa 1887, vituo zaidi ya 60 vya aina hiyo vilikuwa vimejengwa au kuagizwa. Mwaka 1888 fundi wake Oliver Shallenberger alitengeneza mita ya mkondo geu, na mwaka huohuo Westinghouse alinunua haki za mota ya Nikola Tesla. Sasa umeme ungeweza kupimwa na kulipiwa, na haukuwa tena wa taa tu. Ungeweza kuzungusha mashine.

Vita ya kuwania wateja

Edison na washirika wake hawakukaa kimya. Wakati huo bei ya shaba ilikuwa imepanda sana, na mfumo wao ulikula shaba nyingi. Wakaanza kuwaambia watu kwamba mkondo geu ni muuaji. Fundi mmoja aliyeitwa Harold Brown aliwaua mbwa kwa umeme huo mbele ya watu ili kuthibitisha hatari yake. Jimbo la New York lilipoamua kuwanyonga wahalifu kwa kiti cha umeme, yeye alihakikisha jenereta zitakazotumika ni za Westinghouse. Mwaka 1890 mfungwa wa kwanza aliuawa kwa njia hiyo, na kifo chake kilikuwa cha mateso.

Hofu hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Volti za juu huua kweli, na nyaya za New York zilikuwa zimewaua mafundi. Lakini miji iliyokuwa ikinunua vifaa ilitazama gharama na umbali, na kwa mambo hayo mawili mkondo geu ulikuwa mbele.

Ushindi ulionekana Chicago mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Kampuni mpya ya General Electric, iliyotokana na kuungana kwa kampuni ya Edison na mpinzani wake Thomson-Houston, iliomba zabuni ya taa kwa dola 554,000. Westinghouse aliomba dola 399,000 na kushinda. Kwa kuwa hataza ya balbu ilikuwa mikononi mwa upande wa Edison, ilimbidi atengeneze haraka balbu ya muundo mwingine, yenye kizibo. Haikudumu sana, lakini iliwaka, na mamilioni ya wageni waliona umeme wake.

Mwaka huohuo alipata kazi ya kutengeneza jenereta za maporomoko ya Niagara, kila moja yenye nguvu za farasi 5,000. Hakuna aliyekuwa amewahi kununua mashine za umeme kubwa hivyo Marekani. Zilianza kazi mwaka 1895. Novemba 1896, umeme uliopandishwa hadi volti 11,000 ulifika Buffalo, umbali wa takriban kilomita 40, na kuendesha tramu za mji. Viwanda, kikiwamo cha alumini, vilihamia karibu na maporomoko kuufuata umeme wa bei nafuu. Hata transfoma na laini ya kwenda Buffalo zilitengenezwa na General Electric. Wapinzani wa mkondo geu walikuwa wamegeuka wauzaji wake.

Oda tele, fedha hakuna

Hapa ndipo penye fundisho ambalo wengi hulipita.

Biashara ya vifaa vya umeme inafanana na duka la pembejeo linalokopesha wakati wa kupanda na kusubiri mavuno. Mwenye kiwanda hununua shaba na chuma leo, hulipa mishahara kila wiki, hujenga karakana kubwa kabla ya mashine ya kwanza kutoka. Mnunuzi wake ni kampuni changa ya umeme ambayo haitapata fedha mpaka wateja waungwe na waanze kulipa. Enzi hizo kampuni nyingi zililipia vifaa kwa hisa zao au hati za madeni badala ya fedha taslimu. Kadiri oda zilivyoongezeka, ndivyo mwenye kiwanda alivyohitaji kukopa zaidi.

Westinghouse alikopa bila woga. Alijenga viwanda vipya, kikiwamo kikubwa jijini Manchester, Uingereza, na alitumia fedha nyingi kwenye utafiti. Hakupenda mabenki yamwamulie mambo. Msukosuko wa fedha wa 1890 ulikaribia kumzamisha, akanusurika mwaka uliofuata kwa kupanga upya madeni.

Mara ya pili hakuwa na bahati. Oktoba 1907 watu wa New York walikimbilia benki kutoa akiba zao, na mikopo ikakauka nchi nzima. Karakana za Westinghouse zilikuwa na kazi, lakini madeni yake yalikuwa yamefika wakati wa kulipwa na hapakuwa na wa kumkopesha. Kampuni ya umeme ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Ilipokuwa ikiokolewa mwaka 1908, wafanyakazi wenyewe walichanga fedha zao na kununua hisa. Kampuni ilipona, ila mamlaka yalihamia kwa wenye mabenki, na kufikia 1911 mwanzilishi wake alikuwa nje.

Kwa mwaka 1911, chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani kilimtunuku nishani yake ya heshima kwa kazi ya mkondo geu. Nishani hiyo inaitwa Nishani ya Edison.

Alifariki jijini New York tarehe 12 Machi 1914 akiwa na miaka 67. Kwa kuwa alikuwa askari wa vita, alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Transfoma ya leo

Njia aliyoifungua ndiyo inayotumika hadi sasa. Nchini Tanzania, umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, hupandishwa hadi volti 400,000 ili ufike Chalinze, kisha hushushwa hatua kwa hatua hadi kwenye nguzo za mitaani.

Tatizo la mtaji nalo bado lipo. Katika miaka ya karibuni, mahitaji ya transfoma duniani yameongezeka kuliko viwanda vinavyoweza kutoa. Nchi tajiri zinabadilisha vifaa vilivyozeeka, zinaunganisha umeme wa jua na upepo, na zinajenga majumba makubwa ya kompyuta yanayokula umeme mwingi. Anayeagiza transfoma kubwa leo anaweza kusubiri miaka miwili au zaidi. Viwanda navyo husita kupanuka haraka, vikihofia kubaki na madeni oda zikipungua.

Afrika imo katika foleni hiyohiyo. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zina mpango wa kuwaunganisha watu milioni 300 na umeme kufikia 2030, na wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam Januari 2025 kuujadili. Kila kijiji kitakachoungwa kwenye gridi kitahitaji nguzo, nyaya, mita na transfoma, na vyote hivyo hulipiwa muda mrefu kabla ya mwanakijiji wa kwanza kununua uniti.

Kwa hiyo msikilizaji, mkutano wa kijiji ukifika na mradi wa umeme ukitajwa, usiulize tu nguzo zitasimikwa lini. Uliza pia kama transfoma imeshaagizwa na nani ameilipia.