Joseph Thomson: Kijana aliyetafuta makaa ya mawe Ruvuma

Wasikilizaji wetu wa Likombe na Mikindani mmezoea kuona malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga yakiingia bandari ya Mtwara. Mwaka 1881 kijana mmoja wa Kiskoti aliyatafuta makaa hayo bonde la Ruvuma, akayakosa.

Joseph Thomson alizaliwa mwaka 1858 huko Penpont, Scotland, mtoto wa mwashi. Chuo Kikuu cha Edinburgh alisoma jiolojia, yaani elimu ya miamba. Kwao elimu hiyo ilikuwa imeshaingia kwenye karatasi: William Smith alichapisha ramani ya miamba mwaka 1815, kisha ramani za kaunti moja moja, ambazo leo ni adimu. Huku kwetu aliyetaka kujua kilichomo ardhini alitembea kwa miguu akavunje jiwe mwenyewe.

Mwaka 1879 alifika bara akiwa msaidizi wa Keith Johnston. Johnston alifariki Behobeho, na Thomson, mwenye miaka 21, akaongoza msafara hadi ziwa Nyasa na Tanganyika. Tuseme ukweli: njia aliijua zaidi Chuma, mnyapara wake, yule yule aliyesaidia kuufikisha mwili wa Livingstone pwani.

Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na meli za moshi, na makaa yake yalitoka ng'ambo. Livingstone alikuwa ameandika kwamba Ruvuma yapo. Basi Sultani akamwajiri Thomson akayahakikishe. Yeye na Chuma walipanda kutoka pwani hadi bonde la Ruvuma. Mawe meusi waliyakuta kweli, ila yalikuwa ya tabaka tabaka yenye lami kidogo tu ndani yake. Kwa macho yanafanana na makaa. Kwenye tanuri la meli hayafai.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angeweza kusifia mawe yale na kuendelea kula mshahara. Alirudi Zanzibar akasema hakuna kitu, na Sultani hakufurahi. Kazi ikaishia hapo. Makaa ya kweli yalikuwa mbali zaidi magharibi, upande wa ziwa Nyasa.

Mwaka 1883 alivuka nchi ya Wamasai. Swala tomi amepewa jina lake. Chuma hakuwa naye safari hiyo, alikwishafariki Zanzibar mwaka 1882. Thomson naye alifia London mwaka 1895, akiwa na miaka 37, akazikwa Edinburgh.