Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyewaandikia wanawe kwa lugha ya ugenini

Ukimtaja Sayyida Salme, wengi wanakumbuka kisa cha mapenzi: binti wa Sultani wa Zanzibar aliyemfuata Mjerumani Ulaya. Ni kweli, lakini ndoa hiyo ilidumu miaka mitatu tu. Baada yake kuna miaka zaidi ya 50 ambayo haisimuliwi sana: maisha ya mama mhamiaji, mjane, anayelea watoto watatu mahali ambapo hana wa kuongea naye lugha ya kwao.

Lugha saba kwenye kasri moja

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi, aliyechukuliwa kwao kwenye milima ya Caucasus akiwa bado mtoto mdogo.

Mbele ya Sultani kilitakiwa Kiarabu tu. Akishageuka, kila mtu na lugha yake: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi na Kihabeshi. Salme mwenyewe ndiye aliyekuja kuyasimulia haya ukubwani.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika, hapana. Salme akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Salme, akiwa na miaka 15 tu, ndiye aliyekuwa akiwaandikia waasi barua zao. Jaribio likashindwa. Mwaka huohuo kipindupindu kilikuwa kimeshamchukua mama yake.

Jirani kutoka Hamburg

Mjini Unguja, Salme alipata jirani: Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Wakapendana, na Salme akapata mimba. Kwa binti wa Sultani, mimba ya nje ya ndoa, tena ya mtu asiye Mwislamu, ilikuwa hatari kwa maisha yake.

Agosti 1866 akaondoka kwa siri, kwa meli ya kivita ya Uingereza, mpaka Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, na mwaka uliofuata akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Heinrich. Mtoto yule alifariki safarini, kabla hawajafika Ujerumani.

Salme alifika Hamburg hajui Kijerumani. Nyumbani aliokolewa na Kiswahili, kwa sababu Heinrich alikuwa anakijua tangu Zanzibar. Wakapata watoto wengine watatu, na kila mmoja akabeba pande zote mbili kwenye jina lake: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza.

Agosti 1870 Heinrich alifariki kwa ajali ya tramu. Kitinda mimba wao alikuwa na miezi minne tu. Salme akabaki na watoto watatu wadogo, na mule ndani hakuna tena mtu mzima wa kuongea naye Kiswahili.

Wageni wanalipia, watoto je?

Pesa zikawa shida. Urithi wake Zanzibar alinyimwa. Akawa anahama mji hadi mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Ili kupata riziki, akafundisha Kiarabu.

Yaani Wajerumani walikuwa wanamlipa wajifunze lugha yake, huku wanawe wakikua na Kijerumani cha shule, cha mtaani na cha kanisani.

Hebu tusimlaumu haraka. Mzazi yeyote anayelea watoto ugenini anaijua hesabu hii. Lugha ya wenyeji inampa mtoto shule, marafiki na kazi. Lugha ya nyumbani inampa bibi na babu ambao hajawahi kuwaona. Ukiwa umechoka, tena peke yako, unajua ipi itashinda.

Baadaye Salme alianza kuandika maisha yake, kwanza kwa ajili ya watoto hao. Walichojua kumhusu kilikuwa kidogo sana: kwamba mama yao ni Mwarabu, na kwamba anatoka Zanzibar. Alihofia kufa kabla hajawaeleza mengine.

Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka 1886, na zinahesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Zina kasoro pia: ndani yake Salme aliutetea utumwa, jambo ambalo mpaka leo linamchafulia jina. Lakini angalia lugha aliyotumia. Aliandika kwa Kijerumani. Hata barua alizomwandikia rafiki wa nyumbani, ambazo zilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, aliziandika kwa Kijerumani.

Mchanga wa Unguja

Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na wanawe, safari iliyopangwa na serikali ya Ujerumani kwa maslahi yake yenyewe. Barghash, sasa Sultani, akakataa kumpokea. Mitaani mambo yalikuwa tofauti: watu walimsalimia kwa Kiarabu na Kiswahili. Alijaribu tena mwaka 1888, akaondoka bila urithi.

Kisha akaishi Jaffa na Beirut, akizungukwa tena na Kiarabu, mpaka mwaka 1914. Alifariki Jena, Ujerumani, Februari 1924, akiwa na miaka 79. Amezikwa Hamburg, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.

Mwanawe Rudolph aliongeza Said kwenye jina lake la ukoo, na mwaka 1929 akachapisha kitabu kuhusu babu yake, Seyyid Said. Kwa Kiingereza.

Hesabu sasa. Bibi Mcherkesi. Mama wa Kiarabu na Kiswahili aliyeandika Kijerumani. Mtoto aliyelelewa kwa Kijerumani na kuandika Kiingereza. Vizazi vitatu, na kila kimoja kiliiacha lugha njiani. Kilichovuka ni majina na kumbukumbu.

Linganisha na familia zilizohamia Oman kutoka Zanzibar baada ya mwaka 1964. Nyingi bado zinaongea Kiswahili nyumbani mpaka leo, Muscat hukohuko. Hawakuipenda lugha yao kuliko Salme. Ila walikwenda wengi, na kila mmoja alikuwa na jirani wa kumpigia hodi na kuongea naye.