Mobutu, rais aliyekuwa promota wa ndondi

Ubishi kuhusu mapromota wa ndondi, kama wanawainua mabondia au wanawanyonya, hauishi. Hapa Mazinde tunausikia kila pambano kubwa linapokaribia. Leo tunamkumbuka promota wa aina yake, aliyefungua hazina ya nchi nzima: Mobutu Sese Seko wa Zaire, yaani Kongo ya sasa.

Alizaliwa Lisala mwaka 1930, akaitwa Joseph-Désiré. Alikuwa askari katika jeshi la wakoloni Wabelgiji, kisha mwandishi wa habari. Novemba 1965 akatwaa madaraka kwa mapinduzi.

Mwaka 1974 Mmarekani Don King alikuwa na saini za Muhammad Ali na George Foreman, ila fedha hana. Kila mmoja alimwahidi dola milioni 5. Mobutu akakubali kuzitoa. Pambano lilipangwa Septemba 25, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30. Lilianza kama saa 10 alfajiri ili Wamarekani walitazame kabla ya kulala; watu wa Kinshasa ndio waliokesha. Ali alimwangusha Foreman raundi ya 8. Mwenyewe Mobutu hakwenda uwanjani, alitazama kwenye televisheni.

Tusimnyime haki yake. Ubingwa wa dunia wa uzito wa juu ulikuwa haujawahi kupiganiwa Afrika, na mabondia wawili weusi walilipwa fedha ambazo hakuna bondia aliyekuwa amewahi kulipwa. Wazee wengi wanaisimulia alfajiri ile mpaka leo kwa fahari, na hatuoni kosa lao.

Lakini fedha zilitoka kwenye shaba. Sisi tunaoishi kandokando ya mashamba ya mkonge tunalijua hilo: bei ikianguka ng'ambo, mshahara unakosekana huku. Mwaka huohuo bei ya shaba iliporomoka, na mwaka 1975 Zaire ikaanza kushindwa kulipa madeni. Pambano peke yake halikuifilisi nchi. Ufisadi wa wakubwa, na biashara za wageni zilizonyakuliwa na kugawiwa kwa marafiki, vilikula zaidi. Ila hakuna mwananchi aliyeulizwa kama dola milioni 10 ziende ulingoni au zahanati.

Mobutu aliikimbia Kinshasa Mei 1997, akafa Rabat, Morocco, Septemba 7 mwaka huohuo. Kaburi lake liko huko. Uwanja bado upo Kinshasa, siku hizi unaitwa Tata Raphaël.