JOHN EVELYN, MTAFSIRI WA MANENO YA WAJENZI

Wandugu wanafunzi, kila siku darasani tunatafsiri kifaransa, na mara mingi tunafikiri kamusi inatosha. Tusome maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyejua kwamba haitoshi.

John Evelyn alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1620 kule Wotton, katika inchi ya Uingereza. Jamaa yake ilikuwa imepata mali kwa kazi ya kutengeneza baruti. Wakati vita ya mfalme na bunge ilipowaka, alitoka kwao mwaka wa 1643 akatembea Ufaransa na Italia.

Mwaka wa 1644 alifika Chambord, jumba lililoanza kujengwa mwaka wa 1519 kwa amri ya mfalme François wa kwanza. Katikati yake iko ngazi ya mawe yenye kuzunguka kama skurubu. Kwa kweli ni ngazi mbili zilizosokotwa pamoja: huyu anapanda, yule anashuka, na hawakutani njiani, wanaonana kwa vidirisha tu. Lakini Evelyn aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba njia zake ni ine. Sababu gani? Palladio, mjenzi mkubwa wa Italia, alikuwa amekwisha kuandika hivyo mwaka wa 1570, na ni maneno yake yaliyomvuta Evelyn kwenda kutazama. Tuone namna kitabu kinaweza kushinda macho!

Mwaka wa 1647, kule Paris, alioa Mary Browne, binti wa mjumbe wa mfalme wa Uingereza. Walirudi kukaa Deptford, karibu na London. Mwaka wa 1658 walipata huzuni kubwa: mtoto wao Richard, mwenye akili sana, alikufa akiwa na miaka mitano tu. Baba hakuacha kalamu. Mwaka ule ule alitoa tafsiri ya kitabu cha kifaransa juu ya bustani.

Kisha mwaka wa 1664 akatoa kazi ile ngumu: kitabu cha Roland Fréart de Chambray juu ya nguzo za majengo ya kale na ya sasa. Rafiki yake Hugh May, mjenzi, alimsukuma. Hapo maneno yalikuwa shida. Evelyn hakutosheka na kuyageuza. Mwishoni aliongeza maelezo yake mwenyewe ya maneno ya ujenzi, toka kigiriki na kilatini, kusudi mtu ajue kila neno linashika kitu gani.

Angalieni ngazi tu. Kifaransa kina échelle ya kuegemeza ukutani, na escalier ya nyumba. Sisi kwa vyote viwili tunasema ngazi. Balustre, kile kinguzo cha kushikilia mkono wa ngazi, kilipewa jina na Waitalia kwa ua la komamanga, kwani kimevimba vile. Waingereza walilichukua neno lile, wakalifanya baluster. Lakini palier hawakuichukua. Walisema landing, ni kusema fasi ya kutua. Basi, neno lingine unalivika nguo ya kwenu, lingine unalitafutia ndugu yake nyumbani.

Tarehe 27 Agosti 1666 Evelyn alikagua kanisa kuu la St Paul's pamoja na Christopher Wren. Siku chache nyuma yake moto ulikula London, nyumba zaidi ya 13,000, na kanisa lile pia. Evelyn alimpelekea mfalme ramani ya mji mpya, lakini haikufuatwa.

Alikufa tarehe 27 Februari 1706. Mwaka uliofuata tafsiri yake ilichapwa tena, na kitabu chake cha kumbukumbu kilitolewa mwaka wa 1818.

Wandugu, mbele ya kuandika neno, tujue kwanza kitu chenyewe. Na tukiwa tumesimama mbele yake, tuhesabu ngazi sisi wenyewe.