Bibi Mwenye Taa na Daftari Lake

Kila mwaka, tarehe 12 Mei, wauguzi wa nchi nyingi humkumbuka Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia. Heshima hiyo yamstahili. Lakini twaona kwamba wengi huikumbuka taa yake wakalisahau daftari lake, na nguvu yake kubwa ilikuwa katika daftari.

Alizaliwa katika nyumba ya matajiri. Wazee wake waliupinga uuguzi, kwani siku zile ulihesabiwa kazi ya watu duni. Hakurudi nyuma, mwaka 1851 alijifunza kazi hiyo kwa miezi michache huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1854, Uingereza ilipokuwa vitani na Urusi, Waziri Sidney Herbert alimtuma pamoja na wauguzi 38 kwenda hospitali ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Huko askari walilala katika uchafu, na waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Aliwalisha, akawauguza, akawazungukia usiku na taa yake. Hata hivyo vifo havikukoma. Vilipungua sana baada ya Machi 1855, tume ya usafi ilipofika kutoka Uingereza ikazibua mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa safi wodini.

Aliporudi kwao mwaka 1856 angaliweza kukaa akasifiwa. Badala yake alishirikiana na mtaalamu wa takwimu, William Farr, kuvihesabu vifo vile. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye alitambua kwamba hata roho za watu hupotea vivyo hivyo. Alionyesha kuwa hata wakati wa amani askari vijana kambini walikufa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao. Hesabu hizo alizichora kwa rangi, ili wakubwa wasio na subira ya kusoma wapate kuona kwa macho.

Yafaa tukumbuke kwamba mwanamke wa wakati ule hakuwa na kura wala kiti katika Bunge la Uingereza. Silaha yake ilikuwa kalamu. Mwaka 1857 ikaundwa Tume ya Kifalme chini ya uongozi wa Herbert. Kambi zikatengenezwa, na mwaka 1860 chuo cha waganga wa jeshi kikafunguliwa. Kisha akawatetea maskini waliougulia katika nyumba za kazi, akiwa miongoni mwa waliodai mageuzi yaliyoleta sheria ya mwaka 1867 ya maskini wa London.

Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Katika shule ya wauguzi aliyoianzisha mwaka 1860 kwenye hospitali ya St Thomas', London, wanafunzi walifundishwa usafi, uangalifu na, zaidi ya yote, utii. Ule ustadi wake wa kuishawishi Serikali haukuwa somo lao. Tena, wauguzi walipodai daftari rasmi la kuwatambua kisheria, yeye alipinga. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, na sheria hiyo ikapitishwa mwaka 1919.

Kwa hiyo twasema kwamba mwanafunzi wa uuguzi afundishwe mambo mawili yale yaliyotengana. Ajue kufunga kidonda, na ajue pia kuandika taarifa yenye hesabu kamili; ajue sheria, ajue ofisi gani inakata fedha za dawa, na ajue kusimama mbele ya wakubwa akamsemea mgonjwa kwa adabu bila woga. Muuguzi aonaye wagonjwa wawili katika kitanda kimoja, akanyamaza kwa kuwa alifundishwa kutii tu, amefanya nusu ya kazi yake. Mgonjwa hana nguvu ya kwenda ofisini. Aliye karibu naye usiku na mchana ndiye wa kumwendea.