Henri Desgrange na Barabara za Milimani

Katika mwezi wa Septemba mwaka wa 2025 mbio za baisikeli za ubingwa wa dunia zilifanyika Kigali, nchini Rwanda, na hiyo ndiyo mara ya kwanza zilipofanyika katika bara letu la Afrika. Waliozitazama waliona jinsi mabingwa walivyopitishwa katika miinuko mikali, mzunguko baada ya mzunguko, hata wengi wakaacha njiani. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Yuko mtu aliyekaa na ramani akaichagua njia ile kwa sababu ya ugumu wake. Yafaa basi msomaji ajue habari za yule ambaye, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, aliifanya iwe desturi kuutafuta mlima kwa ajili ya mbio badala ya kuukwepa. Jina lake ni Henri Desgrange, Mfaransa, mhariri wa gazeti.

Alizaliwa mjini Paris tarehe 31 Januari, 1865. Alisomea sheria akawa karani katika ofisi ya kisheria, lakini moyo wake haukuwa katika makaratasi. Tarehe 11 Mei, 1893, katika kiwanja cha Buffalo mjini humo, alipanda baisikeli kwa muda wa saa moja kamili akaenda kilomita 35 na mita 325, na hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya saa moja inayotambuliwa hata leo. Mwaka uliofuata aliandika kitabu cha kuwafundisha vijana namna ya kujizoeza kwa mbio, na baadaye akawa msimamizi wa kiwanja cha Parc des Princes. Tuliweke neno hili akilini tunapoendelea: mtu huyu aliyajua maumivu ya miguu. Hakuwa bwana mkubwa asiyepata kukanyaga pedali.

Gazeti lake lilizaliwa katika ugomvi. Wakati ule Ufaransa yote ilikuwa imegawanyika juu ya Kapteni Dreyfus, ofisa Myahudi aliyesingiziwa kwamba aliwauzia Wajerumani siri za jeshi. Gazeti kubwa la michezo liliitwa Le Vélo, na mhariri wake, Pierre Giffard, alikuwa upande wa Dreyfus. Wenye viwanda vya magari na baisikeli, wakiongozwa na Marquis de Dion, walichukizwa naye. Wakaondoa matangazo yao, wakaanzisha gazeti lao wenyewe mwezi wa Oktoba, 1900, wakamweka Desgrange kuwa mhariri. Le Vélo lilichapwa katika karatasi za kijani kibichi, basi wao wakachagua za manjano. Mwanzoni mwa mwaka wa 1903 mahakama iliwaamuru wabadili jina lililofanana mno na la wenzao, wakaliita L'Auto. Ndivyo tajiri anavyomjibu mhariri asiyempenda: hamwandikii barua, humwondolea fedha.

Lakini gazeti la manjano halikununuliwa sana. Sisi tunaotoa gazeti twajua uchungu wa kuona matita ya karatasi yakirudi ofisini jioni bila kufunguliwa. Kijana mmoja wa ofisini, Géo Lefèvre, ndiye aliyetoa shauri la kufanya mbio za kuizunguka Ufaransa. Desgrange alisitasita, kisha akakubali. Tarehe 1 Julai, 1903, watu 60 waliondoka karibu na Paris kwenda mwendo wa kilomita 2,428 katika safari sita. Safari ya kwanza peke yake, ya mpaka Lyon, ilikuwa kilomita 467. Waliomaliza yote ni 21. Mshindi alikuwa Maurice Garin, ambaye katika ujana wake alikuwa akifagia masizi katika mabomba ya moshi. Desgrange mwenyewe alibaki Paris. Lefèvre ndiye aliyeifuata mbio kwa treni na kwa baisikeli. Mauzo ya gazeti yakapanda, na Le Vélo likafa mwaka uliofuata.

Mwaka ule wa 1904 udanganyifu ulizidi hata wanne wa kwanza wakanyang'anywa ushindi. Mwaka wa 1905 mlima wa Ballon d'Alsace ukatiwa katika njia. Desgrange hakuamini kwamba kuna mtu atakayeupanda bila kushuka, lakini René Pottier akaupanda, na mhariri akajifunza jambo ambalo hakulisahau tena: kwamba msomaji aliyekaa mezani na kikombe chake cha kahawa hupenda kusoma habari za mtu anayehangaika mlimani kuliko habari za mtu anayekwenda kasi katika tambarare.

Hapo ndipo anapoingia Alphonse Steinès, mtumishi wa gazeti lile, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora njia za mbio. Steinès alishikilia kwamba mbio zipite katika milima ya Pyrenees, iliyo mpaka wa Ufaransa na Hispania. Katika karne ya kumi na tisa Mfalme Napoleon wa Tatu aliamuru itengenezwe barabara huko ya kuunganisha miji yenye chemchemi za maji ya moto, ili wagonjwa wapate kwenda kuoga. Lakini kufikia mwaka wa 1910 barabara hiyo ilikuwa imeharibika. Juu kabisa, katika vipito vya kati ya vilele, ilikuwa ya mikokoteni, wakata miti na wachungaji, na watu walisema kwamba dubu wangali wakitembea humo. Desgrange aliliona shauri hilo kuwa wazimu. Hata hivyo alimtuma Steinès akaitazame njia.

Habari za safari hiyo zimesimuliwa mara nyingi. Steinès alikodi gari pamoja na dereva akaanza kuukwea mlima wa Tourmalet, ambao kipito chake kiko mita 2,115 juu ya usawa wa bahari. Theluji ilikuwa haijaondoka. Zikiwa zimesalia kilomita kama nne kufika juu, gari lilikwama na dereva akakataa kuendelea. Jua lilikuwa likitua. Steinès akashika njia kwa miguu, akiwa na viatu vya mjini. Mchungaji mmoja alimwongoza kwa kitambo, kisha akamwacha. Alivuka kipito gizani, akapotea, akateleza katika theluji na kutumbukia katika maji ya mto. Watu waliotoka kumtafuta walimpata, naye alifika mji mdogo wa Barèges yapata saa tisa usiku, akiwa karibu kuganda kwa baridi.

Asubuhi yake, baada ya kuoga na kula, alipeleka simu Paris kwamba ameuvuka Tourmalet, kwamba barabara ni nzuri sana, na kwamba inapitika kabisa.

Sisi tuliolelewa katika shule za misheni twakumbuka wapelelezi waliotumwa kuitazama nchi ya Kanaani. Wengi wao waliporudi waliyakuza majitu waliyoyaona mpaka watu wote wakalia usiku kucha. Steinès alifanya kinyume: majitu aliyaona kwa macho yake, karibu yamuue, naye akayafuta katika taarifa. Wapo wanaomsifu kwa hila hiyo, na kweli bila hila hiyo huenda mbio zisingalipanda huko kwa miaka mingi. Lakini aliyedanganywa alikuwa mhariri ofisini, na walioulipia uongo huo walikuwa wengine.

Tarehe 21 Julai, 1910, saa tisa na nusu usiku, waendesha baisikeli waliondoka mji wa Luchon kwenda Bayonne, mwendo wa kilomita 326, na katikati yao ikasimama milima ya Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque. Baisikeli zao zilikuwa nzito na hazikuwa na gia za kubadili njiani. Mahali pengi walishuka wakazisukuma katika mawe na vumbi. Octave Lapize, kijana wa Paris, alitangulia kufika juu ya Tourmalet, akipanda kidogo na kutembea kidogo. Nyuma yake alikuja Gustave Garrigou, ambaye hakushuka hata mara moja, akapewa zawadi ya faranga 100. Kisha, juu ya Aubisque, wasimamizi walingoja kwa wasiwasi. Wa kwanza kutokea hakuwa bingwa yeyote bali François Lafourcade, mtu asiye na tajiri nyuma yake, macho yamekodoka, asiyejibu neno. Yapata robo saa baadaye akaja Lapize akisukuma baisikeli. Alipowafikia watu wa gazeti aliwaita wauaji, mbele ya wote. Kisha akapanda tena, akamfikia Lafourcade na kumpita, akashinda safari ile baada ya saa zaidi ya kumi na nne, na mwishowe akashinda mbio zote za mwaka ule.

Desgrange hakuwako. Inasimuliwa kwamba kabla ya siku ile alisema ni mgonjwa, akarudi Paris, akamwachia Victor Breyer usimamizi. Mimi nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na kila mara linanisumbua. Mtu aliyeyajua maumivu ya mwili tangu ujana wake, siku alipoyaweka mabegani mwa wengine, hakutaka kuyatazama.

Walakini hakuna aliyekufa mlimani siku ile, wala dubu hakuonekana, na magazeti yakanunuliwa. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alitaka zaidi. Tarehe 10 Julai, 1911, mbio zilipelekwa katika milima ya Alps, juu ya Galibier, karibu mita 2,556, ambapo barabara ilipita kati ya kuta za theluji. Émile Georget alitangulia, na waliopanda bila kushuka walikuwa watatu tu. Desgrange aliandika makala ya kuusifu mlima ule kana kwamba ameingia kanisani, na tangu hapo milima mingine yote mbele ya Galibier aliiona kuwa kitu kidogo.

Kanuni zake zilikuwa ngumu kama njia zake. Mshindani hakuruhusiwa kusaidiwa na mtu. Mwaka wa 1913 Eugène Christophe, aliyepata kujifunza ufundi wa makufuli, alivunjikiwa na uma wa mbele alipokuwa akiteremka Tourmalet. Alibeba baisikeli begani zaidi ya kilomita kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi, na huko akafua chuma kwa mikono yake mwenyewe huku wasimamizi wakisimama mlangoni kumchunga mhunzi asimsaidie. Mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Kwa sababu ya mivukuto hiyo Christophe alitozwa adhabu ya dakika. Fundi yeyote asomaye habari hii atajua la kusema juu ya msimamizi wa namna hiyo.

Tusimdhulumu lakini. Mwaka wa 1917, akiwa mtu wa miaka 52, Desgrange aliingia jeshini kwa hiari, askari wa kawaida, akapewa nishani kwa ushujaa. Vita hivyo vilikuwa vimekwisha kuwachukua watu wake wengi. François Faber aliuawa mwaka wa 1915. Lapize, aliyekuwa rubani, alipigwa na ndege za adui tarehe 14 Julai, 1917. Amani iliporudi, mbio za mwaka wa 1919 zilianzishiwa fulana ya manjano kwa anayeongoza, na wa kwanza kuivaa alikuwa Christophe yule yule.

Ugomvi mkubwa ulikuja mwezi wa Juni, 1924. Henri Pélissier, mshindi wa mwaka uliotangulia, alichoshwa na kanuni iliyosema kwamba mtu amalize safari na nguo zote alizoanza nazo. Waliondoka usiku penye baridi wakiwa na fulana mbili. Jua likichomoza hawakuruhusiwa kutupa hata moja, na msimamizi alizihesabu kwa kumfunua mtu kama mtoto wa shule. Mjini Coutances Pélissier, na nduguye Francis, na Maurice Ville, waliacha kazi. Mwandishi Albert Londres, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameandika habari za wafungwa wa Guyana, aliwakuta mkahawani, nao wakamwonyesha dawa walizotumia ili waweze kuendelea, kokeini na klorofomu na vidonge. Henri Pélissier aliliandikia pia L'Humanité, gazeti la chama cha Kikomunisti, kwamba uchovu na maumivu aliyakubali kuwa sehemu ya kazi, ila hakukubali kudharauliwa. Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo Desgrange hakuiona. Hakuna aliyemwomba auondoe mlima.

Mwaka wa 1926 njia ilifika kilomita 5,745, ndefu kuliko zote. Safari ya Bayonne hadi Luchon ilikutwa na tufani. Lucien Buysse alishinda baada ya saa zaidi ya kumi na saba, na wengi wakaingia mjini gizani, katika matope. Gia za kubadili njiani Desgrange alizikataza kwa wakubwa wa mbio, kwa kuwa aliona zinampunguzia mtu sifa. Zikaruhusiwa mwaka wa 1937, baada ya yeye kuondoka. Maana mwaka wa 1936, akiwa ametoka kupasuliwa, alijaribu kuifuata mbio katika gari, na mitikisiko ya barabara ikamshinda siku ya pili. Akamkabidhi kazi Jacques Goddet, mtoto wa mtunza fedha wake wa zamani. Alikufa tarehe 16 Agosti, 1940, kando ya bahari ya Mediterania, nchi yake ikiwa imekwisha kushindwa na Wajerumani.

Mwaka wa 1949 alijengewa mnara wa mawe juu ya Galibier. Unakaa huko mwaka mzima, na theluji huufunika. Juu ya Tourmalet iko sanamu kubwa ya chuma ya mwendesha baisikeli anayetweta, nayo ni kwa ukumbusho wa Lapize. Hiyo huteremshwa kila mwaka kabla ya majira ya baridi, na mwezi wa Juni hupandishwa tena juu ya gari, nyuma yake wakifuata mamia ya watu kwa baisikeli.