Beryl Markham: Mkufunzi wa farasi aliyeanza na sifuri, mara mbili

Kama umekulia Migori au Homa Bay kama mimi, farasi umemwona kwenye runinga tu, ama siku moja ukitembea ufukweni Mombasa. Kwetu ni ng'ombe, punda wa kubeba maji na bodaboda. Na si bahati mbaya. Bonde la Lambwe, pale ilipo Mbuga ya Ruma, limejulikana miaka mingi kwa mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Farasi akipata nagana bila dawa, hesabu amekufa.

Ndiyo maana kazi ya farasi ilibaki kule juu kwenye baridi: Njoro, Molo, Nakuru, Naivasha. Na huko ndiko alikokulia Beryl.

Alizaliwa Uingereza 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka kama minne. Mamake hakuyaweza maisha ya hapa, akarudi kwao na kumwacha binti. Kwa hivyo Beryl alilelewa na babake, Charles Clutterbuck, shambani Njoro, katikati ya mabanda ya farasi. Rafiki zake walikuwa watoto wa Kikalenjin. Aliongea Kiswahili na kujifunza kuwinda kwa mkuki. Shule hakukaa sana. Darasa lake lilikuwa banda.

Halafu mambo yakaharibika. Ukame ulipiga, biashara ya baba ya kusaga nafaka ikaanguka, mzee akafilisika na kwenda Peru kufunza farasi huko. Beryl alibaki. Fikiria wewe, una miaka 18 hivi, nyumbani kumeuzwa. Unafanya nini?

Yeye alipanda farasi wake, Pegasus, akaelekea Molo kutafuta kazi. Akachukua leseni ya ukufunzi, wakati hakuna mwanamke mwingine Kenya aliyekuwa nayo.

Na usidhani mkufunzi ndiye yule anayepanda farasi siku ya mbio. Huyo ni mwingine. Mkufunzi anaamka kabla ya jua, anapapasa miguu ya kila farasi kutafuta joto au uvimbe, anapima chakula, anaamua nani akimbie leo na nani apumzike. Farasi wenyewe ni wa matajiri. Tajiri akikasirika, anakuja kumchukua farasi wake na wewe unabaki mikono mitupu.

Hilo lilimpata. Wiki chache kabla ya mbio za St Leger za 1926, mwenye farasi aliyeitwa Wrack alimwondoa kwake na kumpa mkufunzi mwingine, eti Beryl ni mdogo mno. Akabaki na Wise Child, farasi jike mwenye kano mbovu za miguu. Alimlea polepole, hakumlazimisha. Siku ikafika, Wise Child akashinda.

Baadaye aligeukia ndege. Alibeba barua, abiria na dawa. Katika kitabu chake cha 1942 anasimulia safari ya kupeleka oksijeni Nungwe, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Tanganyika wa Ziwa. Ukiwa mtu wa Macalder, picha ya machimbo hayo unaipata bila kuelezwa. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, zaidi ya saa 20 angani, akaanguka kwenye kinamasi Kanada akiwa hai. Dunia ikamjua.

Lakini umaarufu haulipi kodi ya nyumba. Karibu na 1950 alirudi Kenya, umri unakaribia 50, akaanza tena na farasi. Safari hii alishinda Derby ya Kenya mara sita.

Sasa tusidanganyane. Alikuwa mzungu wakati wa ukoloni, kwenye ardhi ambayo Mwafrika alifungiwa nje. Leseni aliyopata yeye, msichana wa Homa Bay asingeiota. Na waliosugua wale farasi alfajiri ni masaisi Waafrika, ambao majina yao hayako kwenye vikombe. Mmoja tunamjua, arap Ruta, rafiki yake wa utotoni, aliyefanya kazi naye kwa farasi na kwa ndege. Ukimsifu Beryl bila kumtaja Ruta, umesema nusu.

Alikufa Nairobi Agosti 1986, akiwa na miaka 83, baada ya kuishi uzeeni katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio wa Ngong. Pesa hazikuwepo.

Mimi niliacha chuo karo ilipoisha, kwa hivyo sitakuambia masomo ni bure. Ninachokiona kwake ni kwamba alikuwa na kazi moja aliyoijua mpaka mkononi, na kila kitu kilipoanguka aliirudia. Wewe yako ni gani? Mbio za Ngong bado zipo. Siku ukifika Nairobi, ingia uzione, lakini usimwangalie mshindi peke yake. Mwangalie pia saisi anayemwongoza kurudi bandani.